Nilimsifu Mpaka Akafukuzwa

Alhamisi, Somanda. Hakuna wingu hata la kudanganyia, na vumbi la bodaboda limeingia mpaka kwenye maji ya kunywa. Nimekunywa hivyo hivyo.

Mhindi wangu ameondoka asubuhi.

Kwa anayesoma hapa mara ya kwanza: mwanangu Minza yuko ofisi ya kiwanda cha kuchambua pamba. Kiwanda kikileta fundi kutoka nje, Minza ndiye anampokea, anamtafutia pa kulala, anafuatilia kibali chake cha kazi na cha ukaazi. Pa kulala ni kwangu, chumba cha uani. Nimeshalaza wengi. Shule sikuingia, herufi nilizipata kwa kuchungulia madaftari ya wanangu, lakini namna ya kumweka mgeni hakuna wa kunifundisha.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa nadhani.

Huyu jina lake Dinesh. Alifika siku ya mvua, nikamwita Mabula. Nyama hali, kuku hali, hata supu ya samaki anaitazama kama imemtukana. Nikampikia choroko, mlenda, michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga. Akanenepa. Kila asubuhi anainama mlangoni kwangu, ananiamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka mayu," umeamkaje mama, nami namwitikia kama nilimzaa.

Kibali hakitoki. Mwezi wa kwanza, mwezi wa pili. Leo mfumo uko chini, kesho picha irudiwe, keshokutwa cheti chake cha ufundi kitafsiriwe upya. Na mpaka kitoke, Dinesh asiguse chochote.

"Mama, hata spana asishike," Minza aliniambia. "Akikutwa anafanya kazi bila kibali, anarudishwa kwao."

"Hata ya kumsaidia jirani?"

"Mama. Kazi ni kazi."

Nilisikia kwa masikio. Moyoni nikasema hayo ni mambo ya ofisi.

Kwetu mgeni akifika siku ya tatu hajapewa jembe, ujue hapendwi. Sasa huyu mwanaume mzima amekaa kwenye kiti uani tangu chai mpaka jioni, wanawake wanapita na ndoo wanamchungulia. Wakaanza kunitania. "Mama Minza, mwali wako anatoka lini ndani?" Waliniuma. Sikuumia kwa ajili yangu, niliumia kwa ajili yake.

Ndipo mashine ya kusaga ya jirani yangu Mzee Shija ikafa. Nikamwendea Dinesh. Sikumwomba. Nilimchamba. Mbele ya wanawake wenye mahindi kichwani nilimwambia, mikono hiyo mama yako alikuzaa nayo uipambe? Watoto wa watu watalala njaa na wewe umekaa kama mwali?

Akajibu taratibu, kwa Kiswahili chake cha kuokota, "Mayu, bila karatasi, kazi hapana. Hatari."

"Hatari ni njaa."

Kisha akakunja mikono ya shati.

Ilimchukua asubuhi moja. Beringi, mkanda, sijui nini. Mashine ikanguruma, wanawake wakapiga vigelegele, Mzee Shija akampa jogoo. Dinesh akamshika yule jogoo mbali na mwili wake kama kashika nyoka, akanipa mimi. Nikamla. Alikuwa mtamu, sitadanganya.

Wakaja wengine. Mwenye pampu ya maji, mwenye tela la trekta. Nikawa namtuma kama wanangu. Jioni anarudi na grisi mpaka kwenye nyusi, anacheka. Kabla ya hapo sikuwahi kumsikia akicheka.

Minza sikumwambia.

Jumanne ya wiki iliyopita wakaja wanaume wawili, nguo safi, wakanisalimia kwa Kisukuma. Nikawapa vigoda na maji. Wakasema wametoka ofisi ya mambo ya vibali. Mmoja akauliza, "Mama, yule mgeni wa India anaishi hapa?"

"Anaishi hapa. Sasa hivi yuko kazini."

Wakatazamana. "Kazini wapi?"

Nikajua wamekuja kuulizia tabia yake, kama washenga wanavyokuja kuulizia binti. Na kwetu ukiulizwa tabia ya mtu unaanza na kazi. Mvivu hana sifa ya pili. Basi nikamsifu. Mashine, pampu, tela. Nikasema kijana huyu hachoki, ukimwamsha alfajiri anaamka.

"Na wanamlipa?"

Hapo ningenyamaza. Lakini niliona kama ananiuliza iwapo tunamfanya mtumwa wetu. "Analipwa. Kalipwa jogoo mzima. Mnatuona sisi watu wa namna gani?"

Yule wa pili alikuwa anaandika.

Walikuja kuhakiki anakoishi tu. Ilikuwa hatua ya mwisho, Minza aliniambia baadaye. Ningesema "ndiyo, anaishi hapa" nikafunga mdomo, kibali kingetoka. Alhamisi ombi likakataliwa. Dinesh akapewa siku saba.

Minza hakunifokea. Afadhali angenifokea.

Jumatatu nilivaa kitenge changu kipya nikaenda ofisini kwa wale wa vibali. Nikamkuta yule aliyekuwa anaandika. Nikamwambia, nilimlazimisha mimi. Yeye alikataa, nikamtukana mbele ya watu. Na jogoo nilimla mimi. Kama kuna aliyelipwa, ni mimi, nifukuzeni mimi.

Alinisikiliza vizuri, shikamoo mara mbili. "Bibi, sheria haiulizi jogoo aliliwa na nani."

"Basi futa nilichosema."

"Bibi, siku ile ulisema uongo?"

Neno moja tu nililotakiwa kusema: ndiyo. Lilikuwa hapa, kwenye ulimi. Lakini nimewachapa watoto saba kwa uongo mdogo kuliko huo.

"Hapana," nikasema.

"Haya basi, bibi."

Nilirudi kwa miguu.

Leo nimemsindikiza stendi. Nikasikia kwa Minza, pale pale tukisubiri basi la Mwanza, kwamba mke wa Dinesh alishaacha kazi kwao na kuuza vyombo, yuko tayari kumfuata na mtoto. Miezi yote hiyo nimemjua anakula nini na anakoroma vipi. Hili sikuwahi kumuuliza.

Nikampa mfuko wa michembe. Akaupokea kwa mikono miwili, kama nilivyomfundisha.

"Mabula, ukirudi, chumba ni chako."

"Nikirudi Tanzania, mayu, kwako sitakaa."

Kiswahili kilichonyooka, hakuna neno lililopotea njia. Nilitaka kukasirika nikakosa pa kuanzia. Amesema haki.

Je, mtu akikukataa kwa haki, unalia au unanyamaza? Mimi nilinyamaza mpaka basi likaondoka. Kisha nikalia pale stendi, wapiga debe wananiangalia, nikawaambia watazame mbele.

Mchana huu Minza kapiga simu. Jumatatu anakuja mama mmoja kutoka Zambia, mtaalamu wa mbegu za pamba. Akauliza kama chumba kiko tayari.

"Mpeleke gesti," nikamwambia.

"Mama, usijiadhibu."

"Sijiadhibu mimi, namhurumia yeye. Kibali kikitoka, ukikishika mkononi na mhuri wake, hapo ndipo umlete kwangu. Kabla ya hapo, hata njia ya kuja asiijue."