Ekseli ya Gerezani

Mjukuu wangu Salma,

Marahaba. Shikamoo yako imefika. Hapa Mchafukoge wote wazima, na dada yangu, yaani bibi yako, amepona kikohozi. Wenzangu wa kidato cha nne wanacheka kwamba nina mjukuu, lakini ukoo ni ukoo.

Umeuliza kwa nini baba yangu hasafiri na lile tela lake kuukuu la kulala. Mwaka jana alitaka kulivuta hadi Lindi, akae humo akimuuguza dada yake aliyekuwa mgonjwa. Ekseli, kile chuma kinachounganisha magurudumu, ilikuwa imepinda, tukaenda mtaa wa Gerezani kwenye maduka ya vipuri kutafuta nyingine iliyotumika. Baba alikuwa amepima kwa kamba, gurudumu hadi gurudumu. Mimi nilikuwa nimesoma kwamba hupimwa pia umbali kati ya mahali springi mbili zinapokaa juu yake. Nikamvuta mkono.

“Binti anataka soda,” muuzaji akasema. “Mzee, beba chuma hiki, utawarithisha wajukuu.”

Watu wakacheka. Nikanyamaza, nikajiambia kwamba ndiyo adabu.

Nyumbani, springi hazikukaa mahali pake. Zilipishana kwa shubiri nzima. Muuzaji alikataa kuipokea ekseli tena. Tulipopata inayofaa, shangazi alikuwa ameshazikwa.

Baada ya arobaini baba aliniuliza, “Siku ile ulinivuta mkono. Hukutaka soda, sivyo?”

Nikamweleza.

Akasema, “Ungenivuta tena, mwanangu.”

Tela liko uani na ekseli yake mpya. Kila Jumamosi nalipangusa vumbi. Baba hataji tena Lindi.

Bibi yako mdogo,
Nuru