Dole Gumba la Mama kwenye Karatasi ya Reli

Kambi ya reli, porini, kaskazini mwa Mpanda

Mama yangu,

Shikamoo. Kabla hujaitikia, kaa chini kwanza. Na wewe Sesilia mdogo wangu unayesoma, soma polepole kama unavyosoma somo kanisani, na ukifika mahali nimekosea herufi usinicheke mbele ya mama. Ndani ya bahasha kuna karatasi nyingine nyeupe, yenye mistari. Hiyo isishikwe na mikono ya mafuta, isifungiwe dagaa, na Baba asiikaribie na tumbaku yake. Mambo ya watu ishirini na nne yamo humo. Nitaeleza.

Magoti yako yanasemaje? Mpunga wa bondeni mmeshavuna, au ndege wamewatangulia? Na yule mbuzi wangu wa pembe moja bado yupo, au alipata ajali siku ya kipaimara cha Sesilia? Mimi ni mzima, nimenenepa shingo tu. Ningepiga simu, lakini huku mtandao unapatikana juu ya kichuguu kimoja, na wiki mbili hizi nyuki wamehamia hapo. Hata bila nyuki, karatasi haipiti kwenye simu. Barua hii nitakwenda nayo kwa kiberenge, kile kigari cha relini, mpaka Mpanda, hapo nitampa kondakta wa basi la Mamba mkononi. Namjua, aliwahi kunisahau Sitalike.

Mama, nimeshtuka. Mimi Fortunatus niliyefika Dar es Salaam mara mbili, niliyekula pilau Tabora na Waarabu, niliyewahi kumjibu Mchina kwa Kichina (neno moja, lakini alinielewa), nimeshtuka mpaka leo ni siku ya nne.

Ilianza hivi. Gengi letu lote, watu ishirini na nne, kwenye daftari la mkandarasi tuliandikwa neno moja: kibarua. Mzee Damiano, nyapara wetu, Mkonongo wa Inyonga aliyelala na reli miaka mingi kuliko na mkewe, kibarua. Masanja, yule Msukuma mwenye mgongo kama mlango wa kanisa, kibarua. Anayechomelea vyuma, kibarua. Na ukiwa kibarua, chuma kikikuponda ni wewe na Mungu wako. Buti unajitafutia, maji unakunywa kwenye pipa lililowahi kubeba dizeli, kwenda msibani ni kuomba kama unaomba uchumba. Tukasema basi. Tukataka kila mtu aandikwe kazi yake na daraja lake, tupewe buti, maji safi, na mtu akiumia atibiwe.

Wakubwa wakakubali kuja kuzungumza. Tukatafuta msemaji. Nyie mnanijua. Nani mwingine kwenye pori lile lote? Nilisimama chini ya turubai mbele ya afisa utumishi, mama mmoja mnene mwenye sauti ya taratibu tunamwita Madamu, nikamwaga maneno mpaka Masanja akaninong'oneza, "Fotu, pumua." Madamu akasema kuwapa watu madaraja kunataka vyeti. Mama, vyeti! Mimi mwenyewe Kidato cha Pili nilikiona kwa mgongo, nikiondoka shuleni. Nikamwambia, "Madamu, huku porini cheti hakinyanyui reli. Mtu aandikwe kwa kazi anayoonekana kwa macho anaifanya. Asiyeonekana akifanya kazi, asiandikwe."

Watu wakapiga makofi. Nilijipigia na mimi. Madamu akaandika maneno yale kama nilivyoyasema.

Wakamleta dada mmoja anaitwa Neema, mwembamba, mwenye miwani na kishikwambi, atukague siku tatu. Sasa hapa, mama, inabidi nikueleze kazi yetu, na hapa ndipo Sesilia ufunge mlango, maana kuna kitu niliwadanganya.

Reli ikipinda vibaya, hasa kwenye kona, inarudishwa kwa mikono. Watu wanachomeka mitarimbo chini ya chuma, upande mmoja, halafu wote wanavuta kwa wakati mmoja. Reli inasogea kama upana wa kidole. Mzee Damiano anachuchumaa mbali, anafumba jicho moja, anaangalia chuma kimekaaje, ananionyesha kwa mkono. Mimi nimesimama katikati, mikono mitupu, ninawaimbisha:

"Mke wa nyapara!"
"Hoi!"
"Kapika nini?"
"Hoi!"
"Kapika mawe!"
Halafu kimya kidogo, halafu, "Vuta!"

Ndiyo kazi yangu, mama. Siendeshi mtambo. Ile picha niliyowatumia nikiwa ndani ya kichwa cha treni, dereva alikuwa amekwenda kujisaidia. Najua Baba ameshawaambia watu wote pale kwenye mashine ya kukoboa kwamba mwanawe ni dereva. Nitarudi kwenye hilo, nikipata nguvu.

Neema alikaa nasi siku tatu. Mimi kwa sababu ya mgeni nikazidisha mbwembwe. Nilimtungia mistari, nikacheza, nikamtania Masanja kuhusu wachumba wake wa Kawajense. Dada alicheka mpaka akafuta miwani. Nikajua hapo daraja la kwanza ni langu, labda na buti pea mbili.

Siku ya kusoma majina tukakusanyika chini ya turubai. Madamu akasoma. Damiano, msimamizi wa gengi, daraja la juu. Masanja na wenzake kumi na tisa, mafundi njia. Mchomeleaji, fundi. Mshika bendera, usalama. Kila jina likisomwa watu wanapiga miluzi. Nikasubiri. Nikafikiri langu limewekwa mwisho kwa heshima.

Lilikuwa mwisho kweli. Akasoma: "Fortunatus. Amesimama, anaimba, anatania wenzake. Hana kazi."

Mama, nilicheka. Nilidhani ni utani. Nikaangalia nyuso za watu, hakuna anayecheka. Masikio yakaziba kama umezama mtoni. Nikasema, "Madamu, umesoma vizuri?"

Akasema, "Nimesoma alichokiona. Na sharti ni lako mwenyewe, Fortunatus. Asiyeonekana akifanya kazi, asiandikwe." Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo liliniumiza. Wenzangu wakisaini, mwisho wa mwezi wanaanza madaraja yao. Mimi mwisho wa mwezi naondoka.

Unajua nilivyo. Nikajipiga kifua nikawaambia, "Sainini nyie, mimi wananiita huko Zambia." Zambia hakuna anayeniita. Lakini Masanja ana watoto watano, na mchomeleaji jicho moja limeanza kufa, anahitaji hospitali. Ningewashikilia vipi? Mzee Damiano akaitazama kalamu aliyopewa asaini, akairudisha mezani. "Tutasaini kesho," akasema. Mzee yule nimemtania mke wake mwaka mzima kwenye nyimbo, sijawahi kusikia ananitetea kwa lolote.

Asubuhi wakaenda kwenye kona ya pili baada ya daraja. Madamu na Neema walikuwepo, wanasubiri saini. Mimi niliambiwa nikae pembeni, mtu asiye na kazi asisimame njiani. Nikakaa juu ya lundo la kokoto kama mgonjwa. Damiano akachuchumaa, akaonyesha mkono. Watu wakachomeka mitarimbo. Mmoja akasema, "Haya." Mwingine akasema, "Subiri." Masanja, mwenye nguvu za watu watatu, akavuta.

Akavuta peke yake. Chuma kikateleza, mtarimbo ukaruka ukampiga mkono wa kulia chini ya kiwiko. Nilisikia mlio kama mtu anavunja kuni. Kishikwambi cha Neema kikaanguka kwenye kokoto. Mimi nilishakimbia, sijui nilitoka vipi pale nilipokaa. Masanja amelala chali, uso umekuwa wa majivu, ananiangalia. Akasema, "Fotu, si ungeimba hata kidogo?"

Nikamwambia, "Kaka, sina kazi." Tukacheka, mama, mkono wake ukiwa umepinda vile, tukacheka huku mimi nalia. Neema mwenyewe alimpandisha kwenye kiberenge, wakaenda naye hospitali Mpanda. Wanasema mfupa utaunga. Damiano akamwambia Madamu pale pale relini:

"Mama, mimi naangalia, hawa wanavuta, huyu anatuambia lini. Ukimtoa, kila mtu anakuwa na lini yake. Umeona mwenyewe."

Neema aliporudi jioni akaja kwangu, macho mekundu. "Kaka, nilidhani unacheza," akasema. Nikamwambia, "Dada, hata mimi nilidhani."

Wakatuita tena chini ya turubai. Madamu akafungua kitabu chake cha madaraja, akatafuta mpaka mwisho, kazi hiyo haina mstari. Akasema anaweza kuniweka pamoja na mshika bendera, lakini kwenye karatasi za usalama lazima ionekane nilifundishwa, na nani, na huyo mtu aweke saini. "Ulijifunzia wapi?"

Nilikuwa na uongo mzuri tayari, chuo kizima kilikuwa mdomoni. Nikamtazama Damiano. Nikasema kweli.

Nilisema, kwenye kinu cha mama yangu, Mamba. Nikamweleza wewe na Shangazi Tekla mnavyotwanga kinu kimoja michi miwili, na siku ile shangazi alipowahi, mchi ukakuponda dole gumba. Tangu hapo ukawa unaita, "Pisha!", halafu kimya kidogo, halafu "Shuka!" Ule ukimya, mama. Ni ule ule. Mimi nilibadilisha maneno tu. Watu walianza kucheka, Madamu akawanyamazisha kwa mkono. Akatoa karatasi akaandika, akanipa.

Ndiyo hiyo. Imeandikwa "Mkufunzi", na mbele yake jina lako lote. Weka dole gumba ndani ya duara nililochora, lile la kulia lenye kovu, halafu mtendaji wa kijiji agonge muhuri. Irudi kwa kondakta yule yule kabla mwezi haujaisha. Wenzangu hawajasaini. Watu ishirini na tatu, Masanja na mhogo wake wa plasta akiwemo, wamekaa wanasubiri dole lako. Nimewabembeleza, nimewatukana, hawasikii. Nashtuka kila nikiwatazama.

Baba mwambie taratibu, akiwa ameshakula. Mwambie mwanawe si dereva, ni mtu anayeiambia treni itapita wapi. Akikasirika, mwambie nakuja mwenyewe Pasaka anichape. Shangazi Tekla msalimie, mwambie kosa lake la siku ile limenipatia kazi, lakini asianze kujisifu. Msalimie padri, na yule jirani asiyerudisha jembe. Sesilia, kidato cha nne usikitazame kwa mgongo kama mimi.

Kuna sehemu moja nimeiacha wazi, mama. Wameuliza mafunzo yalichukua muda gani. Nimeshindwa kujaza. Wewe ndiye unayejua nilikuwa na siku ngapi uliponifunga mgongoni mara ya kwanza ukaenda kutwanga.

Mwanao,
Fotu