Jina la Mama, Karuna

Jumatatu, 3 Machi
Nimemwogesha mama. Uji vijiko viwili, kisha kageuza uso. Neema, mdogo wangu, ana mimba kubwa, hawezi kunisaidia. Leo mama kauliza Karuna maana yake nini. Kalibeba jina maisha yote na hajui. Ni la mke wa Mhindi mwenye duka mtaa wa Ng'ambo; mke huyo ndiye aliyekuwa mkunga wa bibi. Bibi akampa mama jina la mkunga wake.

Jumanne, 4 Machi
Mjomba kafika kutoka Urambo. Hata hajala, kasema msalaba utaandikwa Maria, jina la ubatizo. Eti Karuna ni mizimu ya Kihindi. Msalaba, na mtu bado anapumua! Nimemchukia. Mama kanishika mkono: "Nisizikwe kwa jina la kanisani tu, mwanangu. Hilo hakuna anayenijua kwalo."

Alhamisi, 6 Machi
Ng'ambo. Lile duka sasa linauza vipuri vya pikipiki. Nikaelekezwa kwa mzee wa Kihindi, muuza vitambaa. Shikamoo, marahaba. Karuna ni Kisanskriti, kasema, lugha yao ya kale ya sala na mashairi. Maana yake huruma. Ile ya kuumwa na maumivu ya mwenzio. Si mzimu wala mungu.

Nikamwambia mama. "Kumbe! Ndiyo maana nalia misiba ya watu kuliko wafiwa." Tumecheka.

Jumapili, 9 Machi
Mama amefariki. Kengele ya misa ilikuwa inalia. Siwezi kuandika.

Jumatatu, 10 Machi
Tumezika. Msalaba: Maria, basi. Nilimweleza mjomba yote. Kanijibu mbele ya watu kwamba sitamfundisha dini. Mama aliniomba kitu kimoja tu.

Jumamosi, 22 Machi
Mtoto wa Neema, wa kike, analia tangu azaliwe juzi. Kwetu mtoto wa hivyo hutafutiwa jina. Mkubwa wa ukoo huwataja marehemu mmoja mmoja. Mtoto akinyamaza kwa jina fulani, ndilo lake. Mjomba kampakata. Kamtaja bibi. Kataja Maria, mara mbili. Kilio kilekile. Sote tukamtazama mjomba. Kakohoa, kasema taratibu: Karuna.

Mtoto kanyamaza. Labda alichoka tu. Mjomba ndiye aliyelia.

Jumapili, 23 Machi
Mjomba kaomba brashi na rangi nyeusi. Tumekwenda makaburini. Kaandika Karuna chini ya Maria. Herufi zimepinda.

Tuliporudi, Karuna alikuwa analia tena. Nimembeba hadi kalala. Leo nimelitaja jina la mama siku nzima.