Cherehani Ngazini

Jumatatu, 6 Mei 2024
Nimehama! Kwaheri baraza, kwaheri vumbi la barabara ya mpakani. Sasa niko ghorofa ya pili ya jengo jipya — dirisha la kioo, ziwa lote mbele yangu! Nyirasafari, fundi mwenzangu wa miaka yote pale barazani, amekataa kuhama. Nikamwambia basi abaki na vumbi lake. Akacheka tu, akaendelea kutunga uzi.

Jumatano, 8 Mei
Ziwa ni zuri. Wateja — bado. Gauni moja nimelipiga pasi mpaka limeanza kung'aa.

Ijumaa, 10 Mei
Baada ya swala nikapita barazani, eti natafuta vifungo. Nani kakaa kwenye benchi la Nyirasafari? Mama Cedric wa Goma, ng'ambo ya mpaka, mteja wangu! Kikapu miguuni, anangoja blauzi. Nikakohoa. Hakuona hata haya. Akasema kule juu haoni njia: "Benzangu bakianza kukimbia, mi nitajua je kama mpaka inafungwa?"

Kumbe! Miaka yote nilidhani wanakaa pale kwa ajili ya mkono wangu na hadithi zangu. Wanatazama barabara! Imeniuma, nisijidanganye. Bila wanawake wa Goma mimi sina kazi.

Jumamosi, 11 Mei
Nimemeza kiburi, nimemwomba Nyirasafari anirudishe. Nafasi iko, kasema, ila pale pangu pa mbele kuna meza yake ya pasi. Nitakaa ndani kabisa, ukutani. "Giza iko, Twahir, lakini vumbi hakuna." Mwanamke huyu!

Jumatatu, 13 Mei
Naandika nikiwa ngazini. Nilikuwa nashusha cherehani yangu ya mkono, nikapumzika hapa katikati, penye tundu kubwa la dirisha. Mara Mama Cedric huyo, anahema, na suruali ya mwanawe — kwa Nyirasafari kuna foleni. Akachungulia nje. "Ee! Njia inaonekana. Bon, shona hapa hapa." Akakaa kwenye ngazi. Nikashona! Wenzake wawili nao wakapanda, wakakaa.

Mlinzi wa jengo kaja mbio: ngazi ni ya kupita, kazi isimame! Kaenda kumwita meneja. Nyirasafari yuko chini, mikono kiunoni, anauliza kama nashuka au nabaki. Mama Cedric hasogei, macho barabarani. Viatu vya meneja hivyo, vinapanda. Na suruali imebaki mguu mmoja kushonwa; naweka kalamu, namalizia.