Nimempigia Mke Wangu Magoti

Kisangani, Jumamosi jioni. Mvua imepiga bati tangu alfajiri na sasa imekatika, lakini kifuani mwangu kelele bado. Nina furaha, shajara, na mtu mwenye furaha hueleza vibaya. Acha nifuate utaratibu, kama zamani darasani.

Mke wangu, Mama Vumilia, ana ugonjwa wa sukari. Dawa anameza. Lituma, zile ndizi zetu za kuponda, amepunguza, kwa manung'uniko. Hofu yake ni moja tu: mguu. Dada yake alikatwa mguu kwa ugonjwa huu huu, na tangu hapo neno "kidonda" halitajwi nyumbani mwetu.

Siku hizi nasoma somo la bure kwenye mtandao, kwa Kifaransa. Lina milango mitatu: wa wagonjwa, wa wanaowatunza na wa wahudumu wa afya. Mimi nimeingia wa pili; wa tatu nachungulia tu. Nimejifunza kwamba sukari ikikaa juu muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu ya miguu. Maumivu ni mjumbe. Mjumbe akifa, habari haifiki, basi macho yafanye kazi yake kila siku: nyayo, visigino, katikati ya vidole, hata ndani ya viatu.

Mama hawezi kuona nyayo zake, goti halikunjiki. Kwa hiyo jana jioni, barazani, nilipiga magoti mbele yake na tochi ya simu.

"Papa Vumilia, simama! Bajirani bakiona, batasema nimekulisha dawa ya mapendo!"

Kwetu mke ndiye humpigia mume magoti. Na jirani yetu Mama Asha alikuwa ameshaona. Akapaza sauti juu ya ua: "Unipatie na miye kidogo ya ile dawa!"

Mama akavuta mguu. Sikuuachia.

Chini ya kidole gumba palikuwa na tundu dogo, jekundu. Nikageuza kiatu chake: msumari umechomoza ndani. Alikuwa ameukanyaga siku nzima sokoni, hana habari.

Hakuna aliyecheka tena.

Somo linasema usichokonoe kidonda, usibandike majani, usingoje. Leo asubuhi, mvua na yote, tulipanda toleka mbili, kila mtu na mwavuli wake nyuma ya baiskeli, hadi kituo cha afya. Muuguzi akasafisha, akafunga, akasema tumewahi: mguu huu utapona. Kisha akaniuliza nilijifunza wapi. Nikamtumia papo hapo anwani ya ule mlango wa tatu.

Utapona!

Nimeliandika peke yake ili nilitazame vizuri.

Na sasa hivi, kabla sijawasha tochi, Mama mwenyewe amebeba kiti. Amekiweka barazani, upande ule ule anaoona Mama Asha, akanyoosha mguu wa pili, ule mzima.

"Bon, Papa. Piga magoti. Bajirani baseme."

Nimepiga. Kesho nitapiga tena, na siku zote zitakazofuata. Ila najiuliza: haya magoti yangu ya kizee, yako kwenye mlango gani wa lile somo?