Nilitaka Kompyuta Iwe Nyepesi

Jumatano, Kilwa Masoko. Mvua imeanza adhuhuri, si kubwa, ya kuudhi tu. Nimerudi kutoka Kiswere na matope hadi magotini, na chakula nimekitazama nikakifunika.

Kuna jambo nimelificha majuma matatu. Nimewaficha rafiki zangu, nimeificha hata blogu hii ambayo siku hizi inasomwa na watu wanne, mmoja wao dada yangu. Leo nalitoa.

Nina steshenari karibu na soko. Natoa fotokopi, nachapa barua, napiga picha za pasipoti. Picha ndizo zinazowaleta watu kutoka vijijini. Nina kitambaa cha bluu ukutani, stuli moja na kamera. Kila niliyempiga picha kwa miaka sita nilimhifadhi kwenye kompyuta, jina lake na kijiji chake, ili akirudi nimchapie nyingine bila kumpiga tena. Wengine hawarudi wenyewe. Huja ndugu zao, wanataka picha ikuzwe, kwa sababu marehemu hakuwa na nyingine.

Hilo nilikuwa nalijua. Ndiyo maana sina cha kujitetea.

Kompyuta ilikuwa nzito. Nilishaiwekea diski mpya, ya zile zisizozunguka, nikahamishia kila kitu humo, ile ya zamani nikaifuta nikamgawia mtu. Bado ilikuwa nzito. Unabonyeza picha, unangoja, mteja anakukodolea macho. Nikasoma mtandaoni kwamba kompyuta za umri wa hii yangu huwa zimepangwa kuongea na diski kwa mtindo wa kizamani, IDE, na kwamba ukiingia kwenye mipangilio kabla Windows haijawaka, ukabadilisha iwe mtindo mpya, AHCI, diski inakimbia kwa nguvu zake zote. Aliyeandika aliweka onyo: kuna hatua ya kuanza nayo ndani ya Windows kwanza. Onyo lilikuwa chini kabisa ya ukurasa.

Sikufika chini.

Nikabadilisha, nikahifadhi. Ikawaka, ikaleta skrini ya bluu yenye maandishi meupe, ikajizima. Ikawaka tena, bluu tena. Mara tano.

Dukani walikuwapo watu saba wanangoja kutuma maombi ya kazi, na ile ilikuwa siku ya mwisho. Nikampigia Rashidi, niliyesoma naye chuo, yuko Lindi mjini, ni fundi.

"Umegusa nini?" akaniuliza.

Nikasema sijagusa kitu. Niliona haya mbele ya wateja.

"Basi diski hiyo imevurugika. Piga windo upya, weka Windows nyingine."

Nikapiga. Iliponiuliza nifute nini, nikafuta vyote, nikiamini kwamba humo hakuna kilichosalia. Hazikupita dakika arobaini ikawa nyepesi kama nilivyokuwa naiota. Maombi yakaenda. Watu wakanishukuru, mmoja akaniita mtaalamu.

Jioni ndipo niliposoma ule ukurasa hadi mwisho. Ukikutana na skrini ya bluu, ukurasa ulisema, rudisha mpangilio ulivyokuwa, kompyuta itawaka kama kawaida. Basi. Hakuna kilichokuwa kimeharibika. Ningerudisha lile neno moja tu, IDE, picha zote zingekuwa pale pale.

Nilimpelekea Rashidi diski Lindi. Akahangaika nayo siku mbili. Akasema diski za aina hii ukizifuta hujisafisha zenyewe, hazibakizi masalia ya kuokota kama zile za zamani. Hata hapo sikumwambia nilichogusa.

Nikajipa moyo kwamba huenda hatakuja mtu.

Alhamisi iliyopita akaja Bi Somoe. Sikuwa namjua. Mama wa makamo, ametoka Kiswere tangu alfajiri. Binti yake Hadija alifariki kabla ya Ramadhani, homa ya siku nne. Mwaka jana Hadija alikuja kwangu kupiga picha za maombi ya chuo cha ualimu. Picha zote zilikwenda na fomu, na simu ya nyumbani kwao ni ya kitochi, haipigi picha.

"Hata ndogo, mwanangu," aliniambia. "Nikifumba macho uso wake hauji sawasawa."

Nikamwambia ni virusi. Virusi vimeingia kwenye kompyuta, mama, vimekula picha zote.

Akanishika mkono akanipa pole. Yeye mfiwa, akanipa pole mimi.

Tangu siku hiyo kila nikiwasha ile kompyuta na kuiona inavyofunguka upesi, nakumbuka pole yake. Leo asubuhi nimefunga duka, nikapanda basi, nikashuka njia panda na kumalizia kwa bodaboda. Kiswere hakukuwa na haja ya kuuliza mara mbili. Nimemkuta barazani anamenya mihogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akanyanyuka, kisu kikaanguka. "Imepatikana?"

Sikuwa nimeliwaza hilo. Kwamba akiniona tu ataamini nimemletea mtoto wake.

Nikamwambia haikupatikana. Nikamwambia yote, nikiwa nimesimama, kwa maneno mepesi: nilitaka mashine iende haraka, nikagusa nisichokijua, kisha nikazifuta picha kwa mkono wangu. Virusi havikuwapo. Nilikudanganya, mama.

Alikaa. Akaokota kisu akamenya muhogo mzima bila kuniangalia.

"Nimekuwa namwapiza huyo mtu aliyeleta virusi," akasema. "Kila swala. Siku sita hizi."

"Nisamehe, mama."

"Mimi si mtu wa kuapiza watu. Umenifanya nimwapize nani?"

Kuku walikuwa wanagombania maganda miguuni pake, hakuwafukuza.

Kisha akaniuliza: "Wewe ndiye uliyemtazama kwa ile kamera. Siku ile alicheka?"

Ningeweza kusema ndiyo. Nani angenibishia? Neno lilishafika ulimini. Lakini kwa siku napiga picha watu ishirini, na uso wa Hadija haunijii kabisa, hata kidogo.

"Sikumbuki, mama. Ila picha za pasipoti, huwa nawaambia wasicheke."

Akatikisa kichwa taratibu. "Basi hakucheka. Alikuwa msikivu."

Akabeba sinia la mihogo akaingia ndani. Nilingoja kidogo, nikidhani atatoka. Hakutoka. Hakunifukuza, hakunisamehe. Nimerudi barabarani kwa miguu, mvua ikanikuta katikati ya njia.

Nilidhani nikishasema ukweli nitapumua. Sijapumua. Sasa nawaza wale wengine, wa Nangurukuru, wa Kivinje, wa visiwani, ambao bado wanaamini wapendwa wao wamo kwenye kompyuta yangu na siku yoyote watapanda basi kuja kuwachukua. Sitaki wasafiri bure, na sitaki nipate nafasi ya kufikiria uongo mwingine.

Nimempigia Rashidi nikamweleza nilichogusa siku ile. Akasema, "Ungeniambia." Najua.

Nimeshachapa tangazo kwa herufi kubwa. Asubuhi, kabla sijafungua, nitalibandika mlangoni: Picha zote zilizopigwa hapa kabla ya mwezi huu hazipo. Nilizifuta mimi.