Vivimbe vya Visigino Vyako

Baba,

Hapa Kerende bado wanasema ulirogwa. Mtu mwembamba vile, anaswaga ng'ombe tangu alfajiri, halafu anaanguka zizini ameshika kifua, hainuki tena! Hata mimi sikuwa na maelezo mengine.

Unavikumbuka vile vivimbe vigumu juu ya visigino vyako? Ulikuwa unasema, "Ni gamboti hizi, Bhoke." Vimenitoka na mimi. Mimi mwalimu, Baba, sivai gamboti. Nikaogopa, nikaenda kupima.

Daktari alivibonyeza, akanitoa damu. Majibu yalipotoka akasema, "Mwalimu, kolesteroli yako iko juu sana. Hii ni ya kurithi." Nikamuuliza inauaje mtu mwembamba. Akasema inanasa kwenye ukuta wa mshipa, inaharibika. Seli za kinga, walinzi wa mwili, zinaimeza, zinavimba mafuta. Na ndani ya seli mafuta siyo chakula tu, ni ujumbe pia. Yaliyoharibika yanavuruga ujumbe huo: seli iliyotakiwa kutulia inazidi kuita wenzake, wanajazana pale pale, mpaka siku moja mshipa wa moyo unaziba. Nilishika kifua changu mwenyewe. Walinzi wangu, Baba. Wako humu, na siwasikii.

Nikampigia mdogo wangu Chacha. Akacheka. "Dada, huo ni ugonjwa wa wanene." Nikamfuata kijijini kwake Kemambo, nikamwambia apandishe suruali. Anavyo vivimbe na yeye. Aliinama akaviangalia, kicheko kikaisha, akaniuliza kwa Kikurya kama atakufa. Nilimvuta tu mkono tukapanda pikipiki kwenda kliniki.

Sasa sote wawili tunameza dawa. Chacha ananipigia kila jioni kuuliza kama nimemeza. Najua anachouliza hasa ni kama niko hai.

Lakini mwanangu Robi… Mjukuu wako, Baba, yule uliyembeba mgongoni kwenda kisimani. Juzi majibu yake yalitoka. Na yeye anayo kolesteroli hii. Daktari anasema tumewahi, mishipa yake bado mizuri. Namwangalia akiruka kamba uani na natamani kumwambia akae chini.

Sikumwambia. Nilimwacha aruke.

Lala, Baba. Hukurogwa, na nitawaambia hivyo wote wanaonyoosha vidole. Hofu siwezi kukuahidi itaisha. Nakuahidi nitakwenda nayo kliniki, nimemshika Robi mkono.

Binti yako,
Bhoke